Hatua Tatu za Mama Ratiba

Siku tuliyomzika kaka yangu, wabebaji walikwama. Viti vilikuwa vimewekwa ovyo, kila mtu na alipopenda kukaa, na njia ya katikati ilikuwa nyembamba mno kwa wanaume sita wenye jeneza. Mmoja alijikwaa kwenye mguu wa kiti, jeneza likainama upande, na sote tukasikia kitu kikisogea ndani. Mjane wake, yaani wifi yangu, alikuwa mstari wa mbele, mimi ubavuni pake nikifuta machozi kwa pindo la sketi kwa sababu hakuna aliyekumbuka hata leso. Yeye hakulia. Aliviangalia vile viti kimoja kimoja, kwa hasira, mpaka nikaogopa.

Wiki tatu baadaye nyumba ya tatu kutoka kwetu walifiwa, na wifi akaenda asubuhi na mapema, daftari mkononi. Hakuitwa na mtu. Alisimama katikati ya uwanja, akahesabu hatua tatu kutoka kushoto kwenda kulia, akaweka alama kwa kisigino, kisha akaanza kupanga viti pande zote mbili za ile njia. Mbele kabisa akaacha nafasi tupu ya kuweka jeneza. Chini ya kila kiti cha ndugu wa marehemu akaweka leso safi iliyokunjwa mara nne. Wabebaji wakapita bila kumgusa mtu. Shughuli ikaanza saa iliyotajwa na kwisha saa iliyotajwa, jambo ambalo mtaani kwetu lilikuwa halijawahi kuonekana.

Jina la Mama Ratiba lilimganda hapo. Kwa miaka minane, mtu akikata roho, ndugu walimpigia yeye kwanza, mjomba baadaye. Mahema, maji, vipaza sauti, magari, nani azungumze na kwa dakika ngapi: yote yalikuwa kwenye daftari lake. Hakutaka malipo. Alisema msiba si biashara, na watu, kama unavyowajua watu, walikubaliana naye haraka sana.

Riziki yake ilikuwa shuleni, alikokuwa mhazili. Mwaka jana shule ikapunguza wafanyakazi, na unga wake ukamwagika. Ana mabinti wawili ambao bado wanasoma. Alikuja dukani kwangu siku hiyohiyo, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kuvua mkoba begani. Mimi ni fundi cherehani. Duka langu ni chumba kimoja chenye vyerehani viwili, kimoja cha kushonea na kimoja cha kuwekea chai.

"Wifi, nitakuwa mpangaji wa sherehe," akasema. "Harusi, mahafali, siku za kuzaliwa. Niambie kitu gani kinafanyika kwenye harusi ambacho mimi sijakifanya."

"Kucheka," nikamwambia.

Hakucheka, na hapo ndipo nilipojua kazi tunayo.

Alichapisha kibao, tukakitundika mlangoni kwangu: MAMA RATIBA, TUNAPANGA SHEREHE ZA FURAHA. Nilimuuliza hayo maneno ya mwisho ni ya nini, nani aliwahi kuomba sherehe ya huzuni. Akanijibu kwamba ndiyo sababu ameyaandika. Daftari lake nalo akaligeuza. Kurasa za nyuma, ambako misiba yote ilikuwa imeandikwa, akazifunga kwa ukanda wa mpira, akaanzia upande wa pili kwenye karatasi nyeupe. Juu yake akaandika Sherehe ya Kwanza, akapiga mstari chini, akakaa kusubiri.

Alisubiri miezi mitano. Aliwapigia simu wote aliowahi kuwatumikia, na wote walimpokea kwa heshima. Mmoja alisema harusi ya mwanawe itakuwa ndogo sana, ya familia tu. Tukahesabu magari ishirini na mbili yakipita mbele ya duka langu. Mwingine alisema ameahirisha. Mwingine alikuwa akimwona anakuja anavuka barabara, mtu mzima na mwili wake, anakimbia kama anayedaiwa. Wifi akawa anaingia kwenye harusi za watu asizoalikwa, anasimama nyuma karibu na mlango na kuandika jinsi mapambo yalivyofungwa. Aliporudi aliniambia kwamba watu wa meza ya karibu walihama.

Ukweli niliupata mimi, kutoka kwa mteja aliyekuja kupunguziwa kiuno, ingawa kiuno chenyewe kilitaka kuongezwa. Aliona kibao, akaguna.

"Huyu mama ni mtu mwema, Mungu amlinde," akasema. "Ila akiingia kwangu wakati hakuna mgonjwa, nitalala nikiwahesabu wanangu."

Nilimchoma na pini. Bahati mbaya, nilimwambia. Lakini mimi mwenyewe, na ninaona aibu kuandika hivi, siku mwanangu alipokuwa na homa nilimwomba wifi asipite nyumbani.

Nilimweleza wifi alichosema yule mama. Nilidhani atakasirika. Alitikisa kichwa taratibu, akauliza, "Ni nguo?" Alikuwa amevaa sketi nyeusi na blauzi nyeupe, kama kila siku. Kabatini kwake hakukuwa na kitu kingine. Miaka minane ya kuwa tayari kuitwa saa yoyote. Basi nikatoa kitambaa nilichokuwa nimekiweka kwa ajili yangu, pamba tupu, njano ya kuumiza macho, nikamshonea gauni. Alilivaa mbele ya kioo changu, akajaribu kutabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu anayeonyesha jino linalouma.

"Usionyeshe meno ya chini," nikamwambia. Akajaribu tena. Akajaribu mara nyingi, kila siku, mchana nikishona, mpaka siku moja nikageuka nikaona machozi yamemjaa na mdomo bado umetabasamu, na nikamwomba aache.

Ilikuwa imefika mahali pa kufa kupona. Mabinti walikuwa wamerudishwa nyumbani mara mbili. Ndipo akaja nesi.

Nesi huyo alikuwa anaolewa. Alisimama mlangoni na sare yake, akasoma kibao kwa sauti, akaingia. "Baba yangu ulimpanga wewe," alimwambia wifi. "Mwaka juzi. Ndiyo siku pekee katika ule ugonjwa wote ambayo mama yangu hakulazimika kuuliza kitu. Nataka na harusi yangu asiulize kitu." Wifi alimwambia kwamba watu wana maneno. Nesi akasema yeye anafanya kazi wodi ya wagonjwa mahututi, na kama watu wangekufa kwa kuonana na mtu, yeye mwenyewe angekuwa amemaliza mji.

Nilimpenda msichana yule papo hapo. Lakini mama yake alikuwa na lake. Alituita nyumbani kwake, akatupa chai, akasema kwa upole kwamba hana ubaya na mtu, ila ana masharti. Mama Ratiba apange kila kitu, lakini wageni wasimwone. Siku yenyewe afanye kazi asubuhi, na kabla mgeni wa kwanza hajakanyaga ukumbini awe ameondoka. Mimi nilikuwa tayari nimeshasimama. Nilikuwa na maneno mdomoni ambayo yangeivunja ile harusi na vikombe vyake.

Wifi alinivuta sketi nikakaa. "Nakubali, mama," akasema. "Naomba kitu kimoja tu. Mwishoni, mshereheshaji anaposhukuru waliofanya kazi, ataje na jina langu. Nisionekane, lakini nitajwe."

Mama wa nesi alifikiri. Nesi akasema atatajwa, ni ahadi yake. Na hicho ndicho alichokitaka wifi katika dunia nzima kwa majuma sita yaliyofuata: watu mia tatu walioshiba na kucheza, wakae, waambiwe kwenye kipaza sauti kwamba furaha yao iliandaliwa na Mama Ratiba. Alisema watu wakishalisikia jina lake wakiwa wanacheka, basi litatoka makaburini. Hayo ni maneno yake mwenyewe, aliyatamka akimenya viazi.

Aliandika ratiba kwa mkono wake. Ilikuwa na vipengele ishirini. Cha kumi na saba kilikuwa Shukrani, na chini yake orodha: mpishi, mpambaji, madereva, wapiga muziki, na mstari wa mwisho yeye. Alijua hata saa ambayo mstari huo ungesomwa. Saa kumi na moja na dakika kumi jioni.

Siku ya harusi tulifika ukumbini alfajiri, yeye kwenye njano yake. Sijapata kumwona mtu akifanya kazi vile. Mpambaji alikuwa anachelewesha vitambaa vya dari. Wifi alipanda ngazi mwenyewe akafunga mafundo. Mafuta ya jenereta aliyapima kwa kijiti. Alionja maji ya kunywa. Aligundua kwamba majina ya meza ya wakwe yameandikwa kwa kifupi, akayaandika upya, yote, kwa maandishi yake ya uhazili. Watu wa ukumbi walikuwa wakimwita bosi. Kufika saa tano, pale mahali palipokuwa ghala tu la viti vya plastiki pakawa pamegeuka, na mimi, mdomo wangu unaojulikana, nilikosa kasoro ya kusema. Viti vilikuwa vimevalishwa vitambaa vyeupe nilivyovishona mimi, mia tatu, mistari imenyooka. Akaniangalia, akatabasamu. Tabasamu lilikuwa la kweli safari hii, na wala hakujua kwamba analifanya.

Mama wa nesi akaja kukagua. Alizunguka meza, akagusa maua, akasema, "Mashallah," halafu akasema tena. Nilimwona wifi akishusha mabega. Kisha mama akaenda mlangoni ili aione njia atakayopita binti yake, akaanza kutembea katikati ya viti kuelekea mbele.

Alipofika katikati alisimama. Akanyoosha mkono wa kulia, akanyoosha wa kushoto, kama anayepima. Akatembea tena, polepole kuliko mwanzo, mpaka mbele, na pale mbele akakuta nafasi tupu. Meza ya maharusi ilikuwa imerudishwa nyuma, na baina yake na mstari wa kwanza palikuwa na sakafu iliyofagiwa, isiyo na kitu juu yake, urefu wa mtu aliyelala.

Hapo na mimi nilipaona. Nilikuwa nimeshinda humo tangu alfajiri na sikupaona.

Mama wa nesi alikaa kwenye kiti cha kwanza cha mstari wa mbele. Mkono wake ukashuka chini ya kiti bila yeye kutazama, ukapapasa, ukatoka na leso nyeupe iliyokunjwa mara nne.

"Hata hii," akasema.

Wifi alitazama leso. Akaitazama njia. Naapa hakuwa anajua. Kila kitu alichokipanga kwa kichwa chake kilikuwa cha harusi. Hivi vitatu mikono ilikuwa imevipanga yenyewe. Alifungua mdomo, akaanza, "Mama, naisogeza sasa hivi, ni dakika kumi tu, nisamehe," na akakishika kiti cha karibu.

"Usiguse," alisema mama wa nesi. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Ulimzika mume wangu vizuri, sitakusahau mpaka naingia kaburini. Lakini mwanangu hapiti hapa. Tafadhali toka, nao waje wengine wapange."

Akamrudishia leso mkononi, kwa heshima, kwa mikono miwili.

Walikuja vijana wa ukumbi, wakasukuma viti kushoto na kulia bila mpangilio, miguu ikikwaruza sakafu. Vitambaa vyangu vilikanyagwa. Wifi alisimama kando ya mlango wa jikoni akiangalia, na kila kiti kilipokwaruza nilimwona akifumba macho. Nilimshika mkono tuondoke. Hakukubali kuondoka. Tulitokea jikoni tukakaa nyuma ya ukumbi, kwenye makreti ya soda, karibu na mahali wapishi walipokuwa wakimwaga maji machafu.

"Nesi aliahidi," akasema.

Tukakaa. Wageni waliingia, muziki ukaanza, tukasikia vigelegele. Mpishi alituletea sahani mbili, hazikuguswa. Kila kipengele kilipokuja wifi alikitaja kabla ya mshereheshaji: sasa wazee, sasa keki, sasa zawadi za wakwe. Ilikuwa inakwenda kwa dakika, ratiba yake, watu walikuwa wanacheka ndani, na yeye yuko nje anainamia saa yake. Mimi nilikuwa na hasira mpaka masikio yalivuma. Nilitaka kuingia ndani na kuwaambia wale watu wote kwamba wanacheza juu ya mgongo wa mtu. Sikuingia, kwa ajili yake.

Saa kumi na moja na dakika kumi mshereheshaji akaomba utulivu. Akamshukuru mpishi, watu wakapiga makofi. Akamshukuru mpambaji. Akawashukuru madereva, na wapiga muziki, nao wakapiga ngoma kidogo kujibu. Wifi alikuwa amesimama. Alikuwa amejinyoosha gauni kwa viganja vyote viwili, huko nyuma, mbele ya mapipa.

Kisha mshereheshaji akaingia kipengele cha kumi na nane.

Wifi aliendelea kusimama. Nikamwambia labda atarudi, labda ameruka mstari kwa bahati mbaya. Kikapita cha kumi na nane, kikapita cha kumi na tisa. Sidhani nesi alijua kwamba mstari umefutwa. Sikumuuliza na sitamuuliza.

Mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka mwanamume wa makamo aliyevaa suti, jasho la kucheza bado usoni. Alitazama huku na huku, akatufuata.

"Samahani. Mama Ratiba ni nani kati yenu?"

Sitasahau jinsi wifi alivyogeuka. Uso wake wote ulifunguka. "Ni mimi, baba. Karibu."

"Mama mwenye shughuli ndiye amenielekeza nikupate huku," yule bwana akasema. "Amekusifu sana. Anasema katika mji huu mzima huna mfano." Akashusha sauti. "Ni mama yangu mzazi. Hospitali wameturudisha naye nyumbani, wamesema tumpe anachopenda kula. Sisi ndugu tukasema, wakati ukifika, tusihangaike."

Wifi alikuwa ameshatoa daftari mkobani. Mkono ulikuwa umewahi kuliko yeye, kama ulivyowahi asubuhi. "Tarehe?" akauliza.

"Tarehe bado, mama."

"Ndiyo. Bado." Halafu akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa. "Na harusi, je? Hakuna harusi kwenu mwaka huu? Au mtoto anamaliza shule? Hata kitu kidogo. Naweza kufanya na kitu kidogo."

Yule bwana aliangalia viatu vyake. "Ipo ya mdogo wangu, mwezi wa kumi na mbili," akasema. "Lakini hiyo tumeshapata mtu."

Alikuwa mtu wa adabu, ndiyo maana hata kumchukia nilishindwa. Wifi aliligeuza daftari, akavua ukanda wa mpira, akaandika jina la yule bibi, idadi ya watoto wake, na kama uwanja wao una lango kubwa au mlango tu. Aliuliza kila kitu alichopaswa kuuliza. Bwana akashukuru akarudi ndani kucheza.

Tulirudi dukani kwa miguu. Jua lilikuwa bado lipo, watoto wa mtaa wetu walitupungia, na mmoja akasema mama umependeza. Dukani alikaa kwenye kiti cha wateja, mkoba begani, kama siku ile ya kwanza. Ile leso ilikuwa bado mkononi mwake. Nilidhani sasa atalia, nami nilitaka alie, nilikuwa nimemngoja miaka minane. Aliikunja upya, mara nne, akaitia mkobani kwa ajili ya yule bibi.

"Wifi," akasema. "Hili gauni likitiwa rangi nyeusi, litakubali?"

Nilichukua pindo lake, nikalisugua kwa vidole, nikajifanya nakichunguza kitambaa ambacho nilikinunua mwenyewe, nikakikata mwenyewe na kukishona mwenyewe, pamba tupu, ambayo hushika rangi yoyote utakayoipa.

"Hapana," nikamwambia. "Hiki hakishiki rangi. Kitabaki hivihivi njano."

Aliniangalia kwa muda. Kisha akainuka, akaenda mlangoni, akakinyoosha kile kibao kilichokuwa kimepinda upande.